NGUO HUPIMWA KWA MTU, WALA MTU HAPIMWI KWA NGUO



Mwaka jana katika chuo ninachosomesha alikuwapo binti wa miaka 14, mwenye hifadhi njema na adabu. Katika miezi ya Rajabu na Shaabani nilimwona kila siku hali kitu. Wenzake walipokula mihogo na maandazi wakati wa mapumziko, yeye alikaa kando na msahafu wake. Nilipomwuliza alinijibu, "Nimefunga, Maalim." Nami nilifurahi sana. Nikamsimamisha mbele ya wanafunzi wote nikasema, "Mtazameni mwenzenu huyu, mwigeni." Sikujua kuwa nasifu maradhi.

Siku moja alipokuwa akinisomea, sauti ilimkatika, akaanguka. Tulipomfikisha kwao, ndipo mamake aliponifunulia kuwa hata jioni hafuturu ila kwa kikombe cha chai ya rangi, na daku hali kabisa. Chini ya mto wake ilikutwa suruali ya mtumba yenye jina la kampuni moja ya Marekani. Suruali hiyo ilikuwa imepita mikononi mwa wasichana wanne wa mtaani. Aliyeweza kuifunga kifungo alihesabiwa kuwa mtu, na aliyeshindwa alichekwa. Nilipokwenda kumzuru aliniambia kwa sauti ndogo, "Maalim, suruali haina kosa. Mwili wangu ndio wenye kosa."

Neno lile halikunitoka moyoni. Kufunga pasipo nia ya ibada si saumu, ni njaa tu. Lakini ni nani aliyemfundisha mtoto huyu kuwa mwili aliopewa na Muumba wake ni kosa, na kitambaa kilichoshonwa kiwandani ndicho cha haki? Nilimwomba mpwa wangu, aliyesoma kuliko mimi, anifasirie habari za makampuni yanayouza nguo kwa vijana. Niliyoyapata nawaletea hapa, kwani si ya chuo changu peke yake.

KAMPUNI ILIYOCHAGUA WANUNUZI

Iko huko Marekani kampuni iitwayo Abercrombie & Fitch. Iliasisiwa New York mwaka 1892, ikiuza mahema, viatu vya porini na zana za wawindaji na wavuvi. Hata Theodore Roosevelt, aliyeshuka Mombasa mwezi wa Aprili 1909 kwenda kuwinda bara, alipata vifaa vya safari yake kutoka duka hilo. Zama hizo mtu aliingia humo kutafuta kitu cha kumfaa kwa kazi yake. Katika miaka ya 1970 duka lile lilifilisika, jina lake likanunuliwa na wengine, na mwaka 1992 uongozi ukashikwa na Mike Jeffries, aliyeligeuza kuwa duka la vijana.

Basi yakabadilika mambo. Ukutani yalitundikwa mapicha makubwa ya vijana waliotuna misuli, vifua wazi, na picha kama hizo zikachapwa hata katika mifuko ya kubebea nguo. Lililo ajabu ni kuwa biashara ya nguo ilitangazwa kwa watu wasiovaa nguo! Kilichokuwa kikiuzwa si shati wala suruali, bali ni umbo la mwili, na shati lilikuwa kama stakabadhi yake.

Mwaka 2006 bwana huyo alizungumza na mwandishi wa gazeti la Salon, akakiri bila ya kificho kuwa kampuni yake yawataka vijana wazuri wapendwao na wenzao, kwamba watu wengi si wa nguo zake, na kwamba kubagua huko ni kwa makusudi. Maneno hayo yalilala miaka saba, kisha mwaka 2013 yakafufuliwa na kuzagaa ulimwenguni. Watu wakatambua kuwa duka hilo liliuza saizi kubwa za XL kwa wanaume, ila kwa wanawake halikuziweka.

Huenda msomaji akauliza: mfanyabiashara gani huyu afukuzaye wanunuzi? Jawabu ni hili. Anayeuza nguo kwa mtu mzima huuza sitara na pambo, lakini anayeuza kwa mtoto wa miaka 14 huuza kukubaliwa. Umri huo ndio mtu anapoogopa zaidi kutengwa. Mlango ukiachwa wazi kwa wote, hapana aonaye fahari kuingia. Mlango ukifungwa kwa wengi, wachache walioingia hujiona wateule, na walio nje hujitesa ili waingie. Kwa hiyo yule msichana aliyekosa saizi yake hakusahauliwa. Machozi yake yalikuwa sehemu ya tangazo.

Kampuni hiyo hiyo ilimgusa pia binti wa Kiislamu. Mwaka 2008, katika mji wa Tulsa, jimbo la Oklahoma, Samantha Elauf, mwenye umri wa miaka 17, aliomba kazi dukani akiwa amevaa ushungi. Alifaulu mahojiano, kisha akanyimwa kazi kwa sababu ushungi haukuafikiana na masharti yao ya sura na mavazi ya wafanyakazi. Kesi ilikwenda hadi Mahakama ya Juu ya Marekani, na tarehe 1 Juni 2015 majaji 8 kwa 1 waliamua kwa upande wake. Tazama basi: aliyekataliwa kwa unene na aliyekataliwa kwa ushungi wamekataliwa na mlango mmoja, kwa hoja moja, kwamba hawafanani na picha.

Insafu yatutaka tuseme na la pili. Jeffries aliondoka mwezi wa Desemba 2014, na mwaka uliofuata kampuni ilitangaza kuziacha picha za vifua wazi. Siku hizi yauza vipimo vingi zaidi kuliko zamani. Aliyejirudi hasutwi milele. Lakini mlango mmoja ukifunguliwa, mwingine hufungwa. Kampuni ya Brandy Melville, yenye asili ya Italia, ilifungua duka lake la kwanza la Marekani huko Los Angeles mwaka 2009, ikawa mashuhuri kwa kuuza nguo za wasichana katika kipimo kimoja tu, nacho ni kidogo. Haikuhitaji kumwambia mtu kuwa hatakiwi. Kibandiko cha shingoni kilisema kuwa kipimo ni kimoja, na msichana ambaye nguo haikumwenea alijikatia hukumu mwenyewe.

TARAKIMU ISIYO NA MSINGI

Sasa na tutazame hiyo saizi yenyewe, maana wengi wetu twadhani ni elimu iliyothibiti, kama ratili na pishi. Katika miaka ya 1939 na 1940 Idara ya Kilimo ya Marekani iliwapima wanawake karibu 15,000, kila mmoja vipimo 59, ili viwanda vipate njia moja ya kukata nguo. Lakini katika hesabu walitia vipimo vya wanawake wazungu peke yao. Kutokana na kazi hiyo ilitolewa kanuni ya saizi mwaka 1958, nayo haikuwa ya lazima. Mwaka 1983 serikali iliiondoa kabisa. Tangu hapo kila kampuni yajipimia itakavyo.

Matokeo yake ni haya. Katika kitabu cha bidhaa cha duka la Sears cha mwaka 1937, gauni lenye kifua cha inchi 32 liliitwa saizi 14. Mwaka 1967 kifua hicho hicho kilikuwa saizi 8. Kufika mwaka 2011 kilikuwa saizi 0. Inchi hazikuongezeka wala hazikupungua, ni tarakimu ndiyo iliyoshushwa, kwani wauzaji waliona kuwa mwanamke mtu mzima hufurahi akiambiwa yeye ni mdogo, na mwenye furaha hununua. Mtu mzima hubembelezwa kwa tarakimu, na mtoto hutishwa kwa hiyo hiyo tarakimu. Je, jambo kama hili lastahili mtoto ajinyime chakula kwa ajili yake?

Na picha nazo ni vivyo hivyo. Binti aliye pichani amechaguliwa miongoni mwa maelfu, akapambwa, akamulikwa kwa taa, kisha kiuno chake kikapunguzwa kwa kompyuta. Hata yeye mwenyewe hafanani na picha yake! Mwaka 2012 binti wa miaka 14 wa jimbo la Maine alikusanya makumi ya maelfu ya saini kulitaka gazeti la wasichana liitwalo Seventeen lionyeshe wasichana walivyo, na gazeti likaahidi kutobadilisha maumbo yao. Ufaransa nayo, tangu tarehe 1 Oktoba 2017, imelazimisha tangazo la biashara lenye picha ya mwanamitindo aliyepunguzwa au kunenepeshwa mwili liandikwe wazi kuwa picha imetengenezwa.

YALIYOTOKEA FIJI

Huenda akatokea wa kusema, "Hayo ni ya wazungu, sisi twapenda mtu aliyenawiri." Ni kweli kuwa kwetu mtu akikonda huulizwa ana maradhi gani, au nyumbani hapikwi. Lakini sikilizeni habari za visiwa vya Fiji, katika bahari ya Pasifiki. Huko nako desturi ilikuwa kusifu mwili ulioshiba, na mtoto aliyekonda ilikuwa aibu ya jamaa zake. Mwaka 1995 televisheni ilifika wilaya ya Nadroga. Daktari Anne Becker wa Chuo Kikuu cha Harvard aliwahoji wasichana wa shule mwaka ule ule, asimpate hata mmoja ajitapishaye ili apungue. Aliporudi mwaka 1998 na kuhoji kundi jingine la umri huo, alikuta asilimia 11 wafanyao hivyo, na asilimia 74 walisema kuwa hujiona wakubwa mno au wanene. Miaka mitatu tu! Desturi ya karne nyingi ilitikiswa na kisanduku cha picha.

Na sisi leo kisanduku hakiko ukumbini ambapo baba hukiona. Kimo katika kiganja cha mtoto, chini ya shuka, usiku. Mwaka 2021 zilifichuka karatasi za ndani za kampuni yenye mtandao wa Instagram, nazo zilionyesha kuwa miongoni mwa wasichana waliokuwa wakijisikia vibaya juu ya miili yao, asilimia 32 walisema mtandao huo uliwazidishia.

YATUPASAYO WAZAZI NA WAALIMU

Kwanza, tuzuie ndimi zetu. Kabla ya tangazo la Marekani kumfikia mtoto, yako matangazo ya nyumbani: shangazi amwitaye "bonge," mjomba amwitaye "mbavu za mbwa," nasi tukacheka. Wavulana nao wasisahauliwe, kwani vile vifua vya ukutani viliwekwa vitazamwe nao pia.

Pili, tumfundishe mtoto maana ya saizi. Mwekeni mtoto nguo mbili za makampuni mawili zenye tarakimu moja, mzipime kwa futi mbele yake, aone kwa macho yake kuwa hazilingani. Nguo za mtumba ziuzwazo katika masoko yetu zimeshonwa kwa ajili ya nchi nyingi, na pengine zimerudi maji na kuchakaa. Kibandiko chake si cheti cha afya. Ikilazimu, kikateni.

Tatu, tujue dalili za maradhi. Mtoto afichaye chakula, akwepaye kula pamoja na watu, ajitapishaye, aonaye kizunguzungu, au ambaye hedhi imemkatika, huyo si mkaidi wala si mchamungu kupita wenzake. Kujinyima chakula kwa kuogopa unene ni maradhi yajulikanayo kwa madaktari. Huweza kuua, na hutibika, khasa yakiwahiwa. Apelekwe hospitali upesi, wala asipigwe wala asiaibishwe.

Nne, nasi waalimu tusihadaike na sura ya ibada. Mtoto akizidisha saumu, tumwulize kwa upole, tena tuwaulize na wazazi wake kama afuturu. Mimi sikuuliza, na kutouliza kwangu nusura kumgharimu mtoto wa watu uhai wake.

Wala simaanishi kuwa kujipamba ni haramu au kuwa nguo nzuri ni uovu. Nguo nzuri ni neema. Ninachokataa ni neema kugeuzwa mizani ya kupimia waja.

Binti yule alilazwa siku kadhaa, na matibabu yake yalichukua miezi. Ramadhani iliyofuata daktari alimkataza kufunga. Aliona haya sana, akaja kunililia. Nikamwambia, "Mwanangu, mwaka huu kula kwako ndiko kumtii Mola wako." Kisha nikamtaka radhi mbele ya wenzake wale wale niliomsifu mbele yao. Ilipokaribia Idi, mamake alimpeleka kwa fundi cherehani wa mtaani. Fundi akachukua futi, akampima mabega, kiuno na urefu, akaandika katika daftari lake, na wala hakumwambia kuwa yeye ni saizi gani. Alimwuliza tu, "Wataka ikubane au ikupwaye, mwanangu?"

Hilo ndilo swali la haki. Nguo huulizwa kama yamfaa mtu. Mtu haulizwi kama aifaa nguo.

Twamwomba Mwenyezi Mungu awahifadhi wana wetu miili yao na nyoyo zao, na atujaalie sisi wakubwa macho ya kuona kabla hawajaanguka. Amin.