KOMPYUTA INAJIZIMA KILA SAA? PIMA RAM KWANZA KABLA HUJALIPA KUPIGA WINDOWS

Leo tuongelee ugonjwa unaokula hela za wengi tunaouza mtandaoni. Kompyuta inafanya kazi vizuri tu, ghafla inastaki, skrini inakuwa ya bluu, inajiwasha upya. Orda hazijaandikwa, na mzigo wa Korogwe unatakiwa uwahi basi.

Mimi nina duka dogo hapa Handeni na ufundi nimejifunza mwenyewe kwa kufungua mashine mbovu. Naletewa kompyuta ambazo zimeshapigwa Windows mara mbili, mara tatu, na tatizo liko palepale. Ukiuliza kama RAM imepimwa, jibu ni hapana.

RAM NI NINI?
Chukulia diski ndo stoo yako, RAM ndo meza ya kufungia mzigo. Kila unachofungua, iwe picha au orodha ya orda, kinatolewa stoo kinawekwa mezani. Sasa meza ikiwa na ubao mmoja uliooza, vitu havianguki kila siku. Vinaanguka siku vikiwekwa pale pale palipooza. Ndo maana asubuhi mashine inadunda vizuri, mchana ukifungua picha nyingi inakufa.

Kujizima siyo hasara kubwa kuliko zote. RAM mbovu inaweza kubadilisha ulichoandika bila kukwambia. Ndani ya kompyuta tarakimu 1 inaandikwa 00110001, na 9 inaandikwa 00111001. Angalia vizuri, zimepishana sehemu moja tu. Hiyo sehemu ikigeuka, mteja aliyeagiza kitenge 1 anaonekana kaagiza 9, au namba yake ya simu inakuwa ya mtu mwingine. Haitokei kila mara, ila ikitokea huijui.

DALILI
- Inajizima ukiwa kwenye programu tofauti tofauti, na ujumbe wa skrini ya bluu unabadilika badilika. Ikizima kwenye programu ileile moja tu, anza kuishuku hiyo programu.
- Mafaili yanagoma kufunguka, au programu zinakataa kuingia.
- Ukiwasha inalia pii pii, skrini nyeusi.

Ikiwa feni inanguruma na mashine ni ya moto ndipo inazima, anza na vumbi. Vumbi letu jekundu mnalijua. Ikiwa inakuwa nzito sana na kufungua faili moja kunachukua muda mrefu, shuku diski.

KABLA YA KUPIMA
Nakili kumbukumbu zako kwenye fleshi, lakini USIFUTE nakala ya zamani na usiandike juu yake. Unachonakili leo kinapita kwenye RAM hiyohiyo unayoishuku. Orda za siku hizo andika kwenye daftari. Na usipige Windows kwanza, maana hiyo Windows mpya nayo itapita kwenye meza ileile iliyooza.

KUPIMA
1. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika mdsched, bonyeza Enter. Chagua mstari wa juu. Mashine itajiwasha upya na kuanza kupima yenyewe.
2. Ukitaka kipimo kikali, kikianza tu bonyeza F1, chagua Extended, kisha F10. Kinaweza kuchukua saa nyingi, kwa hiyo kianze usiku. Laptopu iache kwenye chaja.
3. Ikiwaka, majibu yanatokea pembeni chini. Usipoyaona, bonyeza tena Windows na R, andika eventvwr, ingia Windows Logs, kisha System, tafuta MemoryDiagnostics-Results.

Kosa hata moja ni baya. Hakuna "kosa dogo" kwenye RAM. Ikisema ni salama na mashine bado inazima, tumia MemTest86. Hiyo inawashwa kutoka kwenye fleshi na unaiacha ipime usiku kucha.

IPI NDO MBOVU?
Mashine nyingi zina RAM mbili. Zima, chomoa chaja, toa betri kama inatoka, kisha shikilia kitufe cha kuwashia sekunde kama 15 ili umeme uliobaki uishe. Gusa chuma kwanza ndipo uguse RAM. Panua vishikizo vya pembeni, itainuka yenyewe. Irudishe vizuri mpaka ilie "ka!" kisha pima tena. Wakati mwingine ilikuwa imelegea tu.

Bado inaonyesha makosa? Pima moja moja kwenye tundu lilelile. RAM ikileta makosa kwenye matundu yote mawili, hiyo ndo mbovu. RAM zote zikileta makosa kwenye tundu moja tu, tundu ndo bovu, tumia lile lingine. Zikigoma zote kila mahali, mpelekee fundi, huenda ni madabodi. Laptopu nyingine RAM yake imechomelewa, usilazimishe kuitoa.

UKIENDA KUNUNUA
Piga picha karatasi iliyobandikwa juu ya RAM, au nenda nayo. DDR3 haiingii kwenye tundu la DDR4, na RAM ya kompyuta ya mezani haiingii kwenye laptopu. Laptopu nyingine zinataka DDR3L, siyo DDR3 ya kawaida. Handeni mpaka Korogwe ni kama kilometa 65, ukikosea unalipa nauli mara mbili. Omba risiti, kubaliana siku za kurudisha, na uipime usiku uleule.

Kipimo chenyewe ni bure. Fundi akikwambia "tupige Windows", wewe muulize tu: RAM umeipima?

Mwenye swali aandike hapa chini aina ya mashine yake na dalili anazoziona, tusaidiane.