Mufuko muzito si lazima ngano ya mukate mzuri

Wandugu wanachama, kwenye mwaka wa mvua nzuri ngano ya miinuko kama hii yetu ya Kpandroma inaweza kujaza mifuko, punje zikawa nene, na bado mwokaji akalalamika: unga hauvutiki, mukate haupandi. Wengi wanasema ni mbegu mbaya. Mbegu ina sehemu yake, lakini mara nyingi sababu iko ndani ya shamba.

Kinachoshika mukate ni protini. Unga wa mikate unataka protini ya asilimia 11 mpaka 13 hivi. Mmea unaitengeneza kwa azoti ya udongo. Sehemu kubwa ya azoti hiyo unaivuta kabla ya maua, unaiweka kwenye majani na shina, kisha unaihamisha kwenda kwenye punje. Wanga unajaa kisha maua.

Basi, baridi na mvua ya kutosha vinarefusha siku za kujaza punje. Wanga unazidi, na protini ileile inabaki kidogo ndani ya punje nene. Jua kali na ukame vinakata kazi hiyo mapema: punje ni ndogo, lakini asilimia ya protini inapanda. Tena mvua kubwa inashusha azoti chini, mbali na mizizi.

Mvua hatuiamuru, lakini udongo tunaweza kuulisha. Tani 1 ya ngano yenye protini asilimia 12 inaondoa shambani kilo 21 hivi za azoti. Mufuko wa urea wa kilo 50 una kilo 23, na si yote inafikia mmea. Kwa hiyo:

– Panda ngano pale maharagwe yalitoka, na uweke samadi iliyooza.
– Ukiwa na urea, igawe. Ya mwanzo inaongeza mavuno. Ya karibu na kutoa masuke inaongeza zaidi protini. Weka udongo ukiwa na unyevu.
– Vuna mara ngano inapokauka. Ikinyeshewa na kuota kwenye suke, unga unaharibika hata kama protini ipo.

Kabla ya kuuza, tujipime. Kanda unga wa kila shamba kwa kipimo kimoja, uache nusu saa, kisha uoshe donge ndani ya maji mpaka yasiwe meupe tena. Utelezi unaovutika unaobaki ndiyo protini ya mukate. Shamba lenye mwingi, mifuko yake iwekwe pembeni. Tukichanganya yote, ngano nzuri itauzwa kwa bei ya ile hafifu.