Laptopu Imekataa Waifai? Usilipe Tena Kabla Hujaangalia Haya

Umelipia intaneti ya mwezi. Ujumbe wa malipo uko kwenye simu, na simu yenyewe inaingia mtandaoni bila shida. Lakini laptopu inazungusha tu kale kaduara, halafu inakuambia haiwezi kuunganishwa. Hapo ndipo wateja wengi hufanya moja kati ya mambo mawili: wanalipa tena, au wanamtumia pesa mtu yeyote anayejiita fundi. Mara nyingi hakukuwa na haja ya kutoa hata shilingi.

Tuchukue mtaa wa Eastleigh. Mwenye duka First Avenue hupiga hesabu ya mzigo usiku akiwa nyumbani. Mwanafunzi wa Section Three ana kazi ya chuo ya kutuma kabla ya saa sita usiku. Mwingine amengoja hadi tarehe 30 Juni ndio ajaze ritani za KRA, na anajua akichelewa faini ya mtu binafsi ni shilingi 2,000 au asilimia 5 ya kodi anayodaiwa, ile iliyo kubwa zaidi. Kwa watu hawa waifai si starehe. Na mtu mwenye haraka ndiye hupoteza pesa kwa urahisi.

Kwa hivyo tunashauri ufuate mpangilio huu: angalia pesa kwanza, kisha rauta, kisha laptopu.

Pesa ilifika wapi?

Fungua ujumbe wa malipo na usome mambo matatu: jina la kampuni, namba ya akaunti na kiasi. Ukikosea tarakimu moja ya akaunti, pesa inaweza kuwa imelipia nyumba ya mtu mwingine. Ikiwa ni hivyo, usilipe mara ya pili. Pigia kampuni ya intaneti, wape namba ya muamala, na uwaombe wahamishe malipo kwa akaunti yako. Kama ulituma kwa namba ya mtu kimakosa kupitia M-PESA, peleka ujumbe huo mzima kwa 456 mara moja, kabla pesa haijatolewa.

Kama simu yako inatumia waifai hiyohiyo na inafungua kurasa, basi malipo yalifika. Lakini hakikisha simu haitumii bando lake. Zima data kwanza, ndipo ujaribu kufungua ukurasa.

Rauta inasema nini?

Ikiwa hata simu haiingii, tazama taa za kifaa cha faiba. Taa iliyoandikwa LOS ikiwaka nyekundu, mwanga haufiki kwa kifaa chako. Pengine waya umekatika, umekunjwa sana au umechomoka. Hapo kubadilisha nenosiri hakusaidii, na kulipa tena pia hakusaidii. Piga simu uripoti.

Taa zikiwa sawa, zima rauta, hesabu sekunde thelathini, uwashe, kisha ungoje dakika tatu hivi. Stima ikipotea na kurudi ghafla, rauta inaweza kuwaka vibaya, na hatua hii peke yake mara nyingi inatosha.

Sasa twende kwa laptopu

Simu inaingia, laptopu inakataa: tatizo liko kati ya laptopu na rauta. Fuata hatua hizi kwa utaratibu.

Kwanza, angalia kama waifai ya laptopu imezimwa. Laptopu nyingi zina kitufe chenye picha ya ndege au ya mnara, na ni rahisi kukigusa bila kujua, hasa kama kuna watoto nyumbani.

Pili, kama rauta ilibadilishwa nenosiri, laptopu bado inatumia lile la zamani. Ingia kwenye orodha ya mitandao, bonyeza jina la waifai yako, chagua Forget, kisha uunganishe upya. Andika nenosiri polepole. Herufi kubwa na ndogo si kitu kimoja.

Tatu, je, laptopu inaona jina la waifai yako kweli? Rauta nyingi za siku hizi hurusha mawimbi ya aina mbili, 2.4 GHz na 5 GHz. Laptopu nyingi za zamani, kama zile za mtumba, huona 2.4 peke yake. Simu mpya inaona zote mbili, ndiyo maana inaingia na laptopu haiingii. Mwambie mtoa huduma awashe 2.4. Ubaya wa 2.4 ni msongamano. Kwenye ghorofa ndefu, rauta za majirani wa juu, chini na ubavuni zote zinagombania nafasi, na ni chaneli tatu tu, yaani 1, 6 na 11, zisizoingiliana. Sogeza laptopu karibu na rauta ujaribu. Ikiingia hapo na ikakataa chumbani, tatizo ni umbali na kuta za mawe.

Nne, angalia saa na tarehe. Laptopu ambayo betri yake imekufa huweza kurudi nyuma miaka kadhaa. Inaunganika vizuri, lakini kila ukurasa inasema si salama.

Tano, na hili linahusu pesa moja kwa moja: kwenye ploti nyingi waifai huuzwa kwa kifaa. Ukilipa ukitumia simu, ni simu iliyofunguliwa, na laptopu inabaki mgeni mlangoni. Fungua kivinjari kwenye laptopu uandike neverssl.com; ukurasa wa kuingia ukitokea, weka kodi yako hapo. Kodi ikikataliwa, uliza kifurushi chako kinaruhusu vifaa vingapi na kama wanaweza kuhamisha malipo. Pia, simu za Android kuanzia toleo la 10 na iPhone kuanzia iOS 14 huweza kujificha kwa kubadilisha anwani ya kifaa. Mtandao unaotambua kifaa kwa anwani hiyo utaona kama umekuja na simu nyingine, na utakudai ulipe upya. Zima mpangilio huo kwa waifai ya nyumbani.

Ukiwa na haraka

Kama saa zinayoyoma, washa hotspot ya simu na uunganishe laptopu hapo. Kwenye Windows, weka mtandao huo kuwa Metered, la sivyo laptopu itaanza kupakua masasisho na kumaliza bando kabla hujatuma kazi yako.

Jihadhari na fundi wa simu

Ukilalamika mtandaoni, anaweza kukupigia mtu akijifanya ni wa huduma kwa wateja. Atakuomba uweke programu ya kuendesha laptopu yako akiwa mbali, au utume ada kidogo ya kufungua laini, au usome namba iliyoingia kwa ujumbe. Kata simu. Kurekebisha waifai hakuhitaji PIN yako hata siku moja, na sisi hatutawahi kukuuliza PIN. Piga wewe mwenyewe namba iliyo kwenye mkataba wako au kwenye rauta.

Fundi akija nyumbani, mkubaliane bei kabla hajafungua kitu, na ulipe kazi ikiisha. Kabla ya kuweka PIN, soma jina linalotokea kwenye simu. Likiwa si la aliye mbele yako wala la kampuni yake, simamisha malipo na umuulize.

Na usifute ujumbe wa malipo ya intaneti mpaka mwezi uishe. Ubishi ukitokea, namba ya muamala ndiyo shahidi wako.