Sikio Halina Kope

Paukwa! Pakawa! Sogeeni, watoto. Hadithi ya leo si ya Sungura wala Fisi, ni ya konokono. Konokono huyu hana pembe wala hatambai. Amejikunja ndani ya sikio lako, mdogo kama punje ya njegere.

Tumboni mwake mna maji, na mna seli zipatazo 15,000 zenye vinywele visivyoonekana kwa macho. Sauti ikiingia, maji hutikisika, vinywele huyumba kama mpunga kwenye upepo, na ubongo hupata habari: huyo mama anaita, chakula tayari. Kelele ikizidi, vinywele huvunjika. Jino la utotoni likitoka huota jingine, lakini seli hizi za binadamu zikifa hazioti tena. Za kuku huota! Sijui kuku alimfanyia nani wema.

Sasa twendeni Birmingham, Uingereza, mtaa wa Bordesley Green, kwenye hospitali ya Heartlands. Huko England mtoto hupimwa masikio katika majuma machache ya kwanza baada ya kuzaliwa. Hutiwa kidude laini sikioni, hupigiwa milio midogo, na sikieni maajabu: sikio zima hujibu! Hurudisha mwangwi hafifu ambao ni mashine tu inayousikia. Jambo hilo aligundua David Kemp, London, mwaka 1978.

Ukielekea mjini kutoka mtaa huo utaukuta uwanja wa St Andrew's, nyumbani kwa Birmingham City tangu 1906, wenye viti zaidi ya 29,000. Goli likiingia, wewe unaziba masikio. Na mtoto wa miezi mitatu? Mikono yake hata hajajua ni ya nani. Tundu la sikio lake nalo ni dogo, kwa hiyo kelele ileile humfikia kwa nguvu zaidi. Akisinzia, wakubwa husema, “Mwone, hana habari!” Wanakosea. Jicho hufumbwa, sikio halina kope.

Chukueni kalamu. Kelele hupimwa kwa desibeli. Wataalamu wa afya kazini Marekani humruhusu mtu mzima saa 8 kwenye desibeli 85. Kila zikiongezeka 3, muda hukatwa nusu: 88, saa 4; 91, saa 2. Endeleeni wenyewe hadi 100. Mmepata robo saa? Hodari! Na huyo ni mtu mzima.

Februari 2010, mjini Miami, Drew Brees, mchezaji wa mpira wa Kimarekani, alishinda fainali iitwayo Super Bowl akamwinua mwanawe wa mwaka mmoja katikati ya shangwe. Mtoto alikuwa amevaa vifunika masikio vikubwa, kama rubani. Hivyo ndivyo vinavyomfaa mtoto, vya saizi yake. Vile vizibo vidogo vya kusokomeza sikioni msimpe: atavichomoa avitie mdomoni, vimkabe.

Jumamosi tuna harusi. Mkiona kigari cha mtoto kimewekwa mbele ya spika, msiningoje mimi. Kimbieni mkamwite mama yake akisogeze.