Mapato ya wikendi ya kwanza: maana, matumizi na nafasi ya matangazo katika mauzo ya tiketi

Mapato ya wikendi ya kwanza (ngeli ya YA-YA, hayana umoja katika matumizi haya) ni jumla ya fedha zilizolipwa na watazamaji kununua tiketi za filamu katika siku tatu za mwanzo za kuonyeshwa kwake kwenye kumbi za sinema, kwa kawaida Ijumaa, Jumamosi na Jumapili.

Habari za mapato haya huchapishwa kila Jumatatu katika magazeti na tovuti, na sehemu kubwa ya zinazosomwa kwa Kiswahili hutafsiriwa kutoka Kiingereza. Tafsiri hizo zina makosa yanayojirudia. Kosa la neno moja laweza kuigeuza filamu iliyopata hasara ionekane imeleta faida, au iliyopendwa ionekane imekataliwa. Makala haya yanaeleza istilahi zinazohusika, namna hesabu inavyofanywa, na uhusiano uliopo baina ya matangazo na tiketi zinazouzwa.

1. Mauzo, mapato na faida

Istilahi ya Kiingereza inayotumika kutaja mapato haya ilianza kama jina la kijumba cha kuuzia tiketi kwenye lango la ukumbi. Kuitafsiri neno kwa neno, yaani "ofisi ya sanduku", hakuna maana kwa msomaji wa Kiswahili. Maneno yanayofaa ni *mauzo ya tiketi* au *mapato ya kumbi za sinema*. Pale ambapo usahihi wa kihasibu unatakiwa, *mauzo ghafi ya tiketi* ndiyo istilahi bora, kwa kuwa neno *ghafi* humjulisha msomaji kwamba hakuna kilichotolewa bado.

*Faida* ni jambo jingine kabisa. Fedha inayolipwa dirishani hugawanywa baina ya mwenye ukumbi na msambazaji. Katika Marekani, msambazaji hupata takriban nusu, na mgao huo hutofautiana kwa mikataba. Katika China, studio ya kigeni hupata takriban robo tu. Aidha, gharama inayotajwa magazetini kuwa "bajeti ya filamu" kwa kawaida ni gharama ya kuitengeneza, bila ya gharama ya kuitangaza.

Tuchukue mfano wa kubuni. Filamu imetengenezwa kwa dola milioni 100, ikatangazwa kwa dola milioni 60, na tiketi zake zikauzwa kwa dola milioni 200. Mtu anayelinganisha 200 na 100 atasema fedha imerudi maradufu. Lakini msambazaji akipata nusu ya mauzo, mkononi mwake mna dola milioni 100, naye ametumia milioni 160. Filamu hiyo bado inadai dola milioni 60, ambazo zitatafutwa katika televisheni, mtandao na mauzo mengine.

- Isiyofaa: *Barbie ilipata faida ya dola milioni 162 katika wikendi yake ya kwanza.*
- Inayofaa: *Tiketi za Barbie ziliuzwa kwa takriban dola milioni 162 nchini Marekani na Kanada katika wikendi yake ya kwanza, Julai 2023.*

Sentensi ya pili ina jambo jingine la kuangaliwa. Katika biashara ya filamu za Hollywood, "soko la ndani" hujumuisha Marekani na Kanada pamoja. Mfasiri anayeandika "nchini Marekani" pekee huwa ameiacha nchi nzima.

2. Wikendi ni siku zipi?

Neno *wikendi* (ngeli ya I-ZI) limekwisha kuzoeleka, na *mwisho wa wiki* ni kisawe chake katika maandishi rasmi. Hata hivyo, majina ya siku za Kiswahili yenyewe huanza kuhesabu kwa Jumamosi, ambayo ni siku ya mosi, ikifuatiwa na Jumapili, siku ya pili. Kwa msingi huo, Jumamosi ni mwanzo wa juma wala si mwisho wake. Tofauti hii si ya lugha tu. Katika Oman, siku za mapumziko ni Ijumaa na Jumamosi, na msomaji wa Kiswahili aliyeko Muscat anaposoma "wikendi" huenda asiifikirie Jumapili. Ufaransa nayo huzindua filamu mpya siku ya Jumatano. Kwa hiyo, pale habari inapohusu zaidi ya nchi moja, ni vyema siku zenyewe zitajwe.

Mambo mawili kuhusu hesabu yanafaa kufahamika. Kwanza, maonyesho ya Alhamisi jioni nchini Marekani kwa kawaida huingizwa katika hesabu ya Ijumaa, hivyo "siku tatu" huwa na zaidi ya siku tatu ndani yake. Pili, tarakimu zinazotolewa Jumapili ni makadirio, kwa kuwa siku yenyewe haijaisha. Hesabu kamili hutolewa Jumatatu. Mfasiri anayekutana na makadirio aandike *inakadiriwa* au *takriban*, asiandike *imeingiza* kana kwamba hesabu imefungwa.

3. Fedha si watu

Mapato makubwa si lazima yawe na maana ya watazamaji wengi. Bei ya tiketi hupanda mwaka hadi mwaka, na maonyesho ya skrini kubwa au ya picha za pande tatu hutozwa zaidi. Ndiyo maana Gone with the Wind ya mwaka 1939, bei za zamani zikigeuzwa kuwa za leo, bado huwekwa miongoni mwa filamu zilizouza zaidi katika historia ya Marekani, ingawa katika orodha za fedha tupu imepitwa na nyingi.

Ufaransa huepuka tatizo hili kwa kuhesabu tiketi badala ya fedha. Inaposemwa kwamba Bienvenue chez les Ch'tis ya mwaka 2008 ilipata zaidi ya milioni 20, hizo ni tiketi, wala si euro. Mfasiri aliyezoea dola anaweza kuteleza hapa na kuipunguzia filamu hiyo ukubwa wake mara kadhaa.

4. Matangazo hufanya kazi gani?

Waswahili wana kauli mbili zinazopingana juu ya jambo hili. Methali husema *kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza*. Nao wafanyabiashara husema *biashara ni matangazo*. Mauzo ya filamu yanaonyesha kwamba kila kauli ina wakati wake.

Kabla ya kati ya miaka ya 1970, filamu kubwa ya Marekani mara nyingi ilianza katika kumbi chache za miji mikubwa, kisha ikasambaa polepole kwa kadiri sifa zake zilivyoenea. Jaws, iliyoongozwa na Steven Spielberg na kuzinduliwa Juni 1975, ilichukua njia nyingine. Studio ya Universal iliitangaza kwa wingi katika televisheni ya taifa katika siku za kukaribia uzinduzi, kisha ikaifungulia katika kumbi zaidi ya 400 kwa siku moja. Ikawa filamu iliyoingiza fedha nyingi kuliko zote zilizoitangulia nchini humo, hadi ilipopitwa na Star Wars. Si kwamba njia hiyo ilikuwa haijawahi kujaribiwa kabisa, bali mafanikio yake yaliifanya kuwa desturi.

Tangu hapo, sehemu kubwa ya fedha za matangazo hutumika kabla ya filamu kuonekana. *Kionjo* (wingi *vionjo*, pia *trela*), mabango, mahojiano ya waigizaji na ushirikiano na kampuni za bidhaa vyote hulenga mambo matatu: watu waijue filamu, waitamani, na waichague siku ileile ya kwanza. Kwa kuwa wakati huo ni wachache mno waliokwisha kuiona, wikendi ya kwanza hupima zaidi nguvu ya ahadi kuliko ubora wa filamu. Hapo ndipo *biashara ni matangazo* inapotawala.

Kuanzia Jumatatu, mizani hubadilika. Waliotazama huwasimulia ndugu, jirani na wafanyakazi wenzao. Kwa kulitaja jambo hili, *sifa za mdomo kwa mdomo* au *masimulizi ya watazamaji* yanafaa kuliko "neno la mdomo", ambalo ni tafsiri sisisi isiyo na uhai katika Kiswahili. Hapo ndipo methali inapoanza kushika nafasi yake.

Ushahidi uko katika filamu tatu. My Big Fat Greek Wedding ya mwaka 2002, iliyotengenezwa kwa takriban dola milioni 5, haikuwahi kushika nafasi ya kwanza katika wikendi yoyote, lakini ilidumu kumbini kwa miezi mingi hadi ikapita dola milioni 240 nchini Marekani na Kanada. Avatar ya James Cameron ilianza na takriban dola milioni 77 katika soko hilo mnamo Desemba 2009, na ilipomaliza mzunguko wake wa kwanza ilikuwa imefikia takriban milioni 750.

Upande wa pili ni Morbius ya Aprili 2022. Ilianza na takriban dola milioni 39. Wikendi ya pili ikaingiza milioni 10 na kidogo. Ajabu ni kwamba baadaye filamu hiyo ilivuma mno mtandaoni kwa mizaha na vikatuni. Studio ikairudisha katika kumbi takriban 1,000 mwezi Juni, na mapato ya wikendi hiyo yakawa takriban dola laki tatu tu. Mzaha ulikuwa haugharimu kitu, tiketi ilikuwa inagharimu. *Kuvuma* na *kuuzika* ni vitenzi viwili tofauti, na mfasiri asikitumie kimoja badala ya kingine.

Hata hivyo, yapo mazingira ambamo uvumi wa watu hufanya kazi ya tangazo. Barbie ya Greta Gerwig na Oppenheimer ya Christopher Nolan zilizinduliwa siku moja, 21 Julai 2023, na studio mbili zinazoshindana. Watu mtandaoni waliyaunganisha majina hayo wakapata *Barbenheimer*, wakafanya mchezo wa kuzitazama zote siku moja. Oppenheimer, filamu ya saa tatu juu ya mwanafizikia, iliingiza zaidi ya dola milioni 80 katika soko la ndani wikendi hiyo. Kiisimu, *Barbenheimer* ni zao la uhulutishaji, njia ileile iliyotupatia *chajio* kutokana na chakula cha jioni. Neno kama hili huachwa lilivyo, kisha likaelezwa kwa mara ya kwanza tu.

5. "Kwa", "hadi" na "mara"

Mporomoko wa wikendi ya pili hutajwa kwa asilimia, na viunganishi vidogo hubeba maana yote.

- *Mapato ya Morbius yalishuka kwa asilimia 74.* Sahihi: yalipungua asilimia 74, yakabaki asilimia 26.
- *Mapato ya Morbius yalishuka hadi asilimia 74.* Si sahihi: maana yake yalibaki asilimia 74 ya yale ya awali.

Vivyo hivyo kwa *mara*. Kusema mapato ya Avatar yalikuwa *takriban mara kumi ya* mapato ya wikendi yake ya kwanza ni kauli isiyo na utata. Kusema *mara kumi zaidi ya* humwacha msomaji akijiuliza kama ni kumi au kumi na moja.

Pia iangaliwe lugha ya sababu. Mwandishi wa habari za filamu hupenda kusema kwamba filamu "imeanguka kwa sababu ya matangazo mabovu". Lakini msimu, mvua, mchezo mkubwa wa mpira, bei ya tiketi na filamu pinzani vyote huingia katika hesabu hiyohiyo. Panapokosekana uthibitisho, *sambamba na*, *kufuatia* au *huenda imechangiwa na* hutunza ukweli bila ya kuidhoofisha sentensi.

6. Kwa nini usahihi huu una uzito

Mwenye ukumbi hupanga ratiba ya wiki inayofuata kwa kutazama tarakimu za wikendi. Filamu iliyoanza vibaya hupunguziwa maonyesho au huondolewa, hata kama sifa zake zilikuwa ndiyo kwanza zinaenea. Filamu ndogo isiyo na fedha za mabango hufa mapema kwa namna hii, nayo haikupata nafasi ya kuithibitisha methali. Kwa mtengenezaji wa filamu wa Dar es Salaam au Nairobi anayetafuta mwekezaji, kuchanganya mauzo na faida katika maelezo ya mradi wake kwaweza kumfanya aahidi asichoweza kulipa.

Kwa hiyo, kabla ya kufasiri au kufundisha habari yoyote ya mapato ya filamu, maswali matano yanatosha: Je, ni mauzo ghafi au faida? Ni fedha au tiketi? Ni nchi zipi? Ni siku zipi? Ni makadirio au hesabu kamili? Habari isiyojibu hata moja kati ya hayo ifasiriwe kwa tahadhari, na pengo lake lisizibwe kwa neno la kubahatisha.