Gari la Japani Linavyofutwa Usajili

Sheria ya Japani inatambua njia tatu za kuliondoa gari katika daftari la usajili: kwa muda, moja kwa moja, au kwa kulipeleka nje ya nchi. Kodi ya mwaka humwangukia aliyeandikwa kuwa mmiliki tarehe 1 Aprili, hata kama gari limelala uani halijawashwa tangu lini. Ndiyo maana mwezi Machi ofisi za usajili hufurika watu.

Kufuta kwa muda si kazi kubwa. Mwenye gari hurudisha vibao vyote viwili vya namba na cheti cha ukaguzi, pamoja na maombi yaliyogongwa mhuri wake binafsi uliosajiliwa serikalini. Gari haliruhusiwi tena barabarani, ila laweza kusajiliwa upya. Vigari vya injini isiyozidi cc 660 vina ofisi yao na masharti mepesi zaidi.

Kulichinja gari, kama wasemavyo mafundi, ndiko kwenye sheria nzito. Katika kisiwa cha Teshima taka za viwandani, yakiwemo masalia ya magari yaliyosagwa, zilimwagwa kinyume cha sheria kwa miaka mingi hadi polisi walipoingilia kati mwaka 1990. Masalia hayo, yaani sponji, plastiki na vioo vinavyobaki chuma kikishatolewa, hayana mnunuzi. Sheria iliyoanza kutumika kikamilifu tarehe 1 Januari 2005 ikawabebesha watengenezaji wa magari jukumu la vitu vitatu: masalia hayo, gesi ya kiyoyozi na mifuko ya hewa ya usalama. Gharama, yaani ada ya urejelezaji, hulipwa na mwenye gari, tena siku anaponunua gari jipya. Ni hesabu ya busara, kwani mtu mwenye gari jipya hutoa fedha kwa moyo mweupe kuliko mwenye mkweche. Akiliuza, mnunuzi humrudishia ada hiyo.

Gari hukabidhiwa kwa mpokeaji aliyesajiliwa, likatolewa gesi, likafunguliwa vipuri, kisha likasagwa. Kila mkono unaolipokea hutuma taarifa kwa kompyuta. Mmiliki akishajua kuwa limevunjwa, ana siku 15 za kuomba lifutwe moja kwa moja. Muda wa ukaguzi ukiwa bado umebaki mwezi mmoja au zaidi, hurudishiwa sehemu ya kodi ya uzito.

Njia ya tatu ndiyo inayoigusa Afrika Mashariki. Gari linalosafirishwa hufutwa kwanza, na aliyelipeleka ana miaka 2 ya kudai arudishiwe ada ya urejelezaji, kwa kuwa halitachinjwa Japani. Hivyo linashuka Mombasa au Dar es Salaam bila fedha ya mazishi yake. Linaloandamana nalo ni cheti cha kufutwa usajili, karatasi ambayo wakala wa forodha huiulizia mapema, maana hubeba namba ya chesisi na mwaka gari liliposajiliwa mara ya kwanza. Nchini Kenya, ambako gari lililotumika halipaswi kuzidi miaka 8, mwaka huo ndio unaoamua kama litaingia.