Hofu za Watoto Wadogo Pemba

Hofu ni sehemu ya kukua. Akiwa na miezi sita hadi minane mtoto huanza kulia akimwona mgeni. Akitimiza mwaka hulia mama akitoka mlangoni. Kati ya miaka mitatu na sita huogopa giza, wanyama na mashetani, kwa kuwa akili yake imeshajua kubuni lakini haijajua kutenganisha alichobuni na kilichopo. Karibu na miaka saba woga huhamia kwenye mambo yenye sura ya kweli: ugonjwa, kifo, fimbo ya mwalimu, bahari. Nyingi za hofu hizi huja na kuondoka zenyewe.

Mtoto mdogo hasemi kwamba ana wasiwasi. Tumbo ndilo linalosema. Asubuhi ya skuli linamuuma, Jumamosi halimuumi. Aliyekwisha kuacha kukojoa kitandani huanza tena, au hamuachi bibi yake hata aende chooni. Maumivu hayo si ya uongo. Mwili ulioingiwa na hofu hutoa adrenalini, moyo ukaenda mbio na tumbo likajikaza, na mtoto huhisi hivyo hasa. Kumwita mdeka hakumpunguzii kitu.

Hofu nyingi mtoto huisoma usoni mwa mtu mzima. Mwaka 1985 huko Marekani, James Sorce na wenzake waliwaweka watoto wa mwaka mmoja juu ya meza ya kioo iliyoonekana kuwa na shimo mbele, mama akiwa ng'ambo ya pili. Mama alipoonyesha uso wa furaha, watoto 14 kati ya 19 walivuka. Alipoonyesha uso wa hofu, kati ya 17 hakuvuka hata mmoja.

Pemba imelipata somo hilo bila meza ya kioo. Mwaka 1995 habari za Popobawa, shetani aliyesemekana kuwavamia watu usingizini, zilianza kisiwani humo, zikavuka hadi Unguja na kufika Dar es Salaam. Watu wazima walihama vyumba vyao wakalala nje kwa makundi, moto ukiwaka. Baadhi ya walioandika juu ya kisa hicho wamekihusisha na jinamizi, hali ya kuzinduka huku mwili haujitikisi na kifua kinaelemewa. Mtoto wa miaka mitano wa wakati ule hakuhitaji kusimuliwa kitu. Alimwona baba, asiyeogopa kwenda dago, kambi ya wavuvi, wala kupanda mkarafuu, akikiogopa kitanda chake.

Majina ya kutisha pia hugeuka fimbo ya malezi. "Lala, Popobawa huyo anakuja." "Ukilia, daktari atakudunga sindano." Mzazi hupata utulivu wa dakika kumi, na deni lake hulipwa siku ya chanjo, pale mtoto anapokataa hata kuingia mlango wa kituo cha afya. Katika yote yanayofanywa nyumbani, kuacha vitisho hivi ndiko kusikogharimu chochote, na pengine ndiko kugumu zaidi.

Hofu ya bahari ni jambo jingine, kwa sababu ina msingi. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, MV Spice Islander I, iliyotoka Unguja kwenda Pemba ikiwa imejaza kupita kiasi, ilizama karibu na Nungwi, siku chache baada ya Idi. Miili iliyopatikana ilizidi 200, na waliopotea walikuwa wengi zaidi ya hapo. Mtoto anayesikia habari hizo barazani hawezi kuambiwa "hakuna kitu" akaamini. Jibu fupi la kweli humfaa zaidi: meli ilizama, ilikuwa imejaza mno, leo tutakaa pamoja, na maboya ya kuokolea ni yale pale. Maelezo ya miili na vilio hayamhusu.

Dawa iliyothibitika zaidi ni kukisogelea kinachoogopwa kidogo kidogo. Mwaka 1924 mwanasaikolojia Mary Cover Jones alieleza alivyomtoa mtoto aitwaye Peter katika hofu ya sungura: sungura aliletwa chumbani akiwa mbali huku mtoto akila chakula anachokipenda, kisha akasogezwa kila mara karibu kidogo, hadi Peter akamshika. Kwa mtoto anayeogopa boti, siku ya kwanza ni kukaa mbali na bandari ya Mkoani akila kipande cha muhogo na kutazama abiria wakishuka. Siku nyingine ni kufika getini, nyingine kukaa ndani ya mtumbwi uliofungwa ufukweni. Safari yenyewe husubiri maleleji, baina ya kusi na kaskazi, bahari inapotulia. Hatua ikimshinda hurudiwa ile ya nyuma, bila kejeli.

Kinyume chake ni kumwepusha na anachokiogopa. Anayebakishwa nyumbani kila tumbo linapouma hupata nafuu papo hapo, na nafuu hiyo humfundisha kwamba kukimbia ndiko kunakosaidia. Kesho skuli huwa kubwa zaidi. Ni heri aende nusu siku kuliko asiende kabisa. Hofu ikimpanda, apumue polepole, akitoa pumzi kwa muda mrefu kama anayepoza uji.

Wazazi wengi humsomea mtoto Ayatul Kursi, au humpeleka akanywe kombe, maji yaliyooshewa maandishi ya Qur'ani. Kisomo cha kila usiku, kwa sauti ile ile na mkono begani, humtuliza. Kinachodhuru ni kutangaza mbele yake kwamba ameingiwa na shetani: hapo hupewa hofu ya pili juu ya ile ya kwanza.

Hofu ya kutengana na wazazi inayoendelea wiki nne au zaidi, ikamzuia mtoto kulala, kula au kwenda skuli, ni ya kupelekwa kituo cha afya, ambako huanzia rufaa. Hospitali ya wagonjwa wa akili ya Kidongo Chekundu iko Unguja, hivyo kuchelewa huongeza safari juu ya maradhi. Hofu ya ghafla juu ya mtu mmoja, awe jamaa, jirani au mwalimu wa chuo cha Qur'ani, haingoji wiki nne. Mtoto asikilizwe peke yake, asihojiwe mbele ya mtu huyo, na apelekwe Mkono kwa Mkono, kituo kinachohudumia waliofanyiwa udhalilishaji.